Vikombe Sita vya Mzee Ouko

Kiptere, 3 Machi 2025

“Chumba cha Kuonja Chai: ruka. Mzee mmoja na kijiko, vikombe sita, maelezo marefu. Utatoka na kichefuchefu. Afadhali upande gurudumu.”

Weldon, maneno hayo ni yako. Nimeyanakili kama yalivyo kwenye karatasi ya wageni mnayochapisha hapo kwenye bustani yenu ya burudani, ile ya “Ya Kuona na ya Kuruka,” ambayo Kipkirui wa maziwa ameniletea ikiwa imefungiwa mayai. Chamgei. Natumaini kile kikohozi kimekuachilia na kwamba unakula. Mimi ni mzima, ila goti linalalamika nikishuka mtoni. Salamu zimetosha, sasa tubishane. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nikikushinda unasema mtandao umepotea.

“Mzee mmoja na kijiko.” Huyo ni Ouko. Alionja chai kiwandani miaka thelathini na mmoja, na kila jani alilochuma nyanya yako lilipita kwenye ulimi wake kabla halijauzwa. Aliimba besi kando ya baba yako kanisani hadi tulipomzika baba yako, na siku hiyo aliimba peke yake. Leo mtoto wa marehemu anamwita mzee na kijiko.

“Afadhali upande gurudumu.” Nimesoma habari za maonyesho makubwa ya dunia tangu karne ya kumi na tisa. Kila mahali walipokosa la kuonyesha, walijenga gurudumu kubwa la kupandisha watu angani.

Na bafe umeipa nyota nne na nusu! Chipsi na piza, katikati ya Bomet, kwa watu waliotoka nyumbani wakiwa na viazi shambani. Ugonjwa wenu ninyi vijana ni mmoja: kitu kikiwa chenu, mnakiona takataka.

Nimesikia hapo bustanini kwenu, Majani Mawili, mtafunga vitu vitatu vyenye nyota chache kabla ya likizo ya Aprili. Futa hayo maneno, nakuambia mimi dada ya baba yako.

Senge yako,
Chelimo


Majani Mawili, Merigi, 7 Machi 2025

Senge mpendwa,

Chamgei mising. Kikohozi kimeisha. Pole kwa goti. Usishuke mtoni, mtume mtu. Mayai nayo yalifika salama?

Senge, umenichapa kama mwanafunzi wako wa kidato cha pili, na nimekubali viboko vya simu na vya baba. Vingine nakataa. Situngi nyota. Wageni wanajaza vikaratasi langoni wakitoka, mimi nahesabu na kuandika. Nikianza kumpa nyota mtu kwa sababu aliimba besi vizuri, mwezi ujao hakuna atakayeamini hata ninaposema choo ni safi.

Chumba cha Mzee Ouko kina nyota moja. Jumapili ndiyo siku mbaya zaidi, na Jumapili ndiyo siku ya mabasi ya makanisa. Hawaandiki kwamba wamechoshwa. Wanaandika “moyo ulienda mbio,” “nilitetemeka mikono,” “karibu nitapike.” Nilimuuliza Mzee Ouko. Alisema labda chai ni kali, akaanza kupanguza vikombe. Meneja wetu, Bwana Mageto, ameshapima chumba hicho. Anataka kuweka michezo ya kompyuta. Uamuzi ni tarehe 31.

Sasa swali moja tu, na usinikasirikie. Umewahi kufika hapa?

Nimeweka tiketi ya Jumapili ya tarehe 16. Usije kama wakili wa Mzee Ouko. Njoo kama mgeni: ule bafe, upande gurudumu, halafu uingie kwake saa nane kama wageni wote.

Mtoto wa ndugu yako,
Weldon


Kiptere, 17 Machi 2025

Weldon mwanangu,

Chamgei. Uko salama? Mimi sikulala vizuri, na utajua kwa nini. Mayai yalifika, mawili yalipasuka.

Nilikuja. Hukuniona kwa sababu nilivaa kofia ya Monicah jirani yangu, ili mtu asinipe heshima za bure.

Nilianza na gurudumu, nikitafuta cha kulitukana. Sikukipata. Kule juu niliona paa la shule yangu, niliona mto unavyojikunja mahali nilipodhani umenyooka, na niliona kwamba Nyamoita, jirani yangu mwingine, amesogeza ua wake hatua mbili ndani ya njia ya watu. Nimepita hapo miaka mitatu bila kutambua. Kwa hiyo gurudumu libaki. Nilikosea, na sitalirudia neno hilo mara mbili.

Treni inayozunguka mashamba imesifiwa bure. Nilikaa dakika arobaini katika moshi wa dizeli nikitazama watu wakichuma chai. Nyumba ya Chemosit ni aibu. Tangu utoto tunaambiwa Chemosit, zimwi la hadithi zetu, ana mguu mmoja. Wenu ana miwili, na amevaa gambuti. Nilimwambia, naye akaniomba msamaha kwa adabu kubwa, jambo ambalo Chemosit hafanyi.

Bafe ni nyingi, hilo tu. Mursik, maziwa yetu ya mgando, mnaitia kwenye glasi kutoka friji, ikiwa baridi na bila harufu ya mkaa wa kibuyu. Lakini niliposikia harufu ya mboga ya saga nikaifuata, nikafika nyuma ya jiko. Pale Wilkista anapikia wafanyakazi. Alinipa saga aliyolaza kwenye maziwa, ugali wa wimbi na samaki. Akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo, na sitaki kuonyeshwa njia. Mbona chakula hicho hakimo kwenye karatasi yako?

Basi saa nane nikapanda ngazi kwa Ouko nikiwa nimeshiba mara mbili.

Tulikuwa kumi na wanane, karibu wote kina mama wa basi la kanisa la Sigowet wakiwa na sare zao. Vikombe sita vya chai nyeusi vimepangwa mezani, bila maziwa, bila sukari. Ouko alituonyesha. Alichota kijiko, akavuta chai kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, akaizungusha mdomoni, akageuka kando, akatema ndani ya ndoo ya shaba. Kisha akaanza kueleza: hii ilinyeshewa, hii ilicheleweshwa barabarani, hii ilichumwa na mtu mvumilivu. Mwanangu, nimefundisha historia miaka ishirini na sita na sijawahi kuona mtu akisoma waraka namna ile.

Zamu yetu ikafika. Mama wa kwanza alionja, akaitazama ndoo, akamtazama Ouko, akameza. Wa pili akameza. Mimi nilikuwa wa tano. Nilijua vizuri natakiwa kufanya nini. Mdomo ulijaa, ndoo iko hapa, na nikawaza: nitatema vipi mbele ya mtu aliyemzika ndugu yangu? Na nitatema vipi chai, mimi niliyeichuma kwenye baridi kabla ya kwenda shule? Nikameza. Kila mtu alirudia vikombe vyote sita, kwa sababu Ouko alitukaribisha na hatukutaka kumvunja moyo. Kufika kikombe cha nne nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni.

Wenzangu waliposhuka ngazi wakishikana mikono, nilibaki nimeketi. Nikamuuliza mbona hatuambii.

“Nikuambie nini, Mwalimu?”

“Tuteme.”

Alipanga vijiko kwanza. Ndipo akaniambia, “Mimi ni mtu wa kutoka ziwani. Nyinyi mlinipa mahali pa kukaa. Nitasimama hapa niwaamrishe mama zenu wateme mate mbele yangu?”

Weldon, nilikuandikia kwamba mnadharau kilicho chenu. Nafuta. Chumba kile kinauawa na adabu. Kila mtu mle ndani anamheshimu mwenzake mpaka anaugua, kisha anashuka langoni na kuandika nyota moja, maana kwenye karatasi hakuna wa kumwonea haya.

Usiniamini. Nenda ukaangalie.

Senge yako,
Chelimo


Majani Mawili, 24 Machi 2025

Senge,

Chamgei. Natumaini usingizi umerudi.

Jana nilisimama nyuma ya mlango wa Mzee Ouko kwa makundi matatu. Waliotema ni wanafunzi wawili kutoka Nairobi na bwana mmoja wa Mombasa. Hao watatu niliwafuata hadi langoni. Wote walitoa nyota tano, na yule bwana aliuliza kama anaweza kurudi kesho. Kina mama walimeza hadi tone la mwisho.

Nami nikiri. Wiki tuliyofungua nilionja pamoja na wakubwa. Nilimeza vyote sita, nikatapika nyuma ya gereji, kisha nikaandika yale maneno uliyoyanakili.

Nimemwomba Bwana Mageto wiki mbili zaidi. Amekubali hadi tarehe 13 Aprili, na kikao cha Mzee Ouko kimehamishiwa saa nne asubuhi, kabla ya bafe. Wilkista nimemweka kwenye karatasi. Chemosit amevuliwa gambuti moja. Mguu wa pili bado tunaujadili.

Lakini kuna jambo siwezi, Senge. Mzee Ouko hatasema. Mimi nikiwaandikia mama zangu wateme, wataona nimekosa malezi, na watauliza ni nani aliyenilea. Nimeacha nafasi nyuma ya karatasi. Iandike wewe. Mtambo wa kuchapisha unaanza Ijumaa.

Weldon wako


Kiptere, 26 Machi 2025

Weldon,

Chamgei, u hali gani? Mimi nimelala vizuri. Nyamoita ameanza kurudisha ua. Mpe Kipkirui mfuko wangu wa mayai akirudi. Chapisha haya kama yalivyo, bila kulainisha:

“Kina mama wa Kiptere, wa Sigowet, na ninyi wa Merigi mlio karibu kuliko wote, mtakaoshuka mabasi Jumapili hii: mimi ni Mwalimu Chelimo, wengi wenu nimewafundishia watoto. Mtaambiwa kutema ni kukosa adabu. Nilisema hivyo pia, nikameza vikombe sita, nikakesha. Ukimeza, humheshimu Ouko. Unamfungia mlango. Msipande ngazi mkiwa mmeshiba. Pandeni saa nne. Vuteni chai kwa kelele, isikieni ni ya shamba gani, kisha inameni kwenye ile ndoo, mbele yake, mbele ya mchungaji wenu kama yupo, na mteme.”

Senge yako,
Chelimo