Marehemu na Bisibisi Yake

Jumatatu, 3 Machi

Jirani wa kona kaondolewa kwenye posho ya ustawi. Mumewe "kipofu" kaonekana anaendesha pikipiki — tena kwa kasi! Sasa wanapelekwa mahakamani, wote wawili. Mtaa umecheka mpaka basi. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa adabu.

Yangu ni posho ya ujane. Na Marehemu yuko chumba cha nyuma, anaomba chumvi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe hatii kitu kinywani. Ndiye aliyeapa ofisini kwamba mwanawe kafa, mwaka ule alipotokomea bila kuaga. Tuliamini. Kisha huyo, karudi na begi lake! Posho ilishaanza kununua sindano za sukari za mama. Nani angeenda kumfufua?

"Kinywa huumba, mwanangu," ananiambia. "Nimemwapia kifo mtoto wangu."

Nikamwambia, mama, maiti gani huyu anayemaliza sahani mbili? Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisini, dirishani: posho imesimamishwa, wajane wote wanahakikiwa. Mkaguzi atakuja nyumbani. Lini? "Utamwona," kasema karani. Basi. Kama mpiga ramli.

Sindano za mama zinaisha wiki hii.

Nimemkataza Marehemu kukohoa, kupiga mluzi na kutengeneza redio za watu. Mawili ya kwanza kakubali. "Redio, mke wangu? Hiyo si mimi, ni mikono."

Jumanne, 11 Machi

Kaja. Mwanamke mpole, viatu visivyolia, mfuko mkononi. Kampa mama mkwe pole ya kufiwa. Kauliza mawili matatu. Kisha katoa redio mfukoni.

"Inakwaruza tu hii. Nasikia hapa pana fundi."

Nikasema fundi ndiye huyohuyo aliyefariki. Akaiwasha. Ikakwaruza. Akaongeza sauti, huku ananitazama mimi, si redio.

Na kutoka chumba cha nyuma: "Usiongeze! Waya wa spika huo, utaiunguza!"

Mama mkwe akaangua kilio — kilio cha msiba chenyewe.

Nimesingizia chai. Naandikia jikoni. Sebuleni mama anapenga kamasi. Marehemu katoka na bisibisi yake, redio inaimba, mgeni anacheka, anamsifu. Sasa anamuuliza, taratibu kabisa, jina lake kamili.

Maji yamechemka. Marehemu bado anafikiri.