Leo Sikai Jikoni

Baba Moraa,

Wali uko kwa sufuria, nyama iko kwa friji, mpashe moto wenyewe. Jezi ya Moraa haijakauka, ianike juu ya hita.

~~Nitarudi kabla ya hafutaimu.~~ Sirudi mpaka mechi iishe.

Tangu siku ile niliingia jikoni kugeuza chapati na timu yenu ya Ureno, Sporting, wakarudisha magoli mawili, mmenifanya hirizi. Kila mechi nakaa jikoni, mlango umefungwa, hata timu ya taifa ya Ureno ikicheza. Nikichungulia, mnanifukuza kama kuku. Ukuta wa jirani ulio mbele ya dirisha nimeukariri tofali kwa tofali. Nilidhani ni mchezo. Lakini leo asubuhi nimetoka shifti, hata viatu sijavua, Moraa ananiambia, "Mum, dabi na Benfica ni saa tisa, you know your place." Ati najua pahali pangu! Nawe Cleopas ukacheka!

Kwani mmesahau nani aliwaletea hii timu? Yule mzee Mreno niliyekuwa nikimtunza kazini kule Longbridge ndiye alinifunza wachezaji wote, nani anauzwa, nani anasajiliwa, nami nikija jioni nawahadithia kwa meza hii hii. Sasa magoli nayajua kwa kelele zenu. Msimu mzima sijaona hata moja.

Basi nimehama, kama wachezaji wetu wazuri wanavyohama. Naenda kwa rafiki yangu Nyambura, kule Shard End. Ameniwekea kiti mbele ya TV.

Sporting wakianza kufungwa, ingia wewe jikoni. Na ufunge mlango.

Mama Moraa