Mashati ya Mchezo wa Saba

Jumapili, 23 Oktoba 2016

Leo padri kaiombea timu. Kanisani, mbele ya altare! Wagonjwa kwanza, marehemu wakafuata, kisha warushaji mpira wa timu yetu ya besiboli, Cleveland. Watu wakaitikia kwa sauti ambayo wagonjwa hawakuipata. Mume wangu Lojze ni mmoja wa wagonjwa hao. Na yeye ndiye aliyewaombea warushaji kwa kelele kuliko wote.

Valvu ya moyo wake imekakamaa. Akitoka sebuleni kwenda chooni anapumzika njiani. Daktari kampangia upasuaji Jumatatu ijayo, tarehe 31, na kasema asicheleweshe. Sawa. Ila Jumanne hii zinaanza Fainali za Dunia. Dunia! Timu za Marekani na moja ya Kanada — ndiyo dunia yao hiyo. Safari hii ni sisi na Chicago. Anayetangulia kushinda michezo minne ndiye bingwa.

Halafu hii habari ya pasi. Niiandike, nisije nikadhani nimeota. Wiki iliyopita, timu ilipotwaa ubingwa wa ligi, mimi nilikuwa ghorofani nampigia pasi shemeji yangu Ferdo shati la kwendea mazishini. Basi wazee hawa wawili, wenye pensheni zao, wakakata shauri kwamba iliyoshinda ni pasi. Sasa kila mchezo niwe juu, nipige pasi mashati, nisishuke mpaka mwisho. Lojze ana kiti chake. Ferdo ana kigoda chake kando ya friji. Binti yangu Darlene anakaa sakafuni na soksi zisizofuliwa. Hakuna ruhusa ya kubadilisha mahali wala kuinuka. Watu wazima ovyo!

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimemsikia Lojze akinong'ona kwenye simu ya jikoni, na Lojze hajui kunong'ona. Anaongea na hospitali. Anaomba upasuaji usogezwe mpaka Ijumaa ya tarehe nne. Eti ana shughuli ya kifamilia. Wa upande wa pili nadhani aliuliza shughuli gani, maana Lojze alicheka, na kicheko cha mwenzake nikakisikia mpaka mlangoni. Wakaelewana! Mji mzima hamnazo.

Nikamvaa palepale. "Daktari kasema usicheleweshe."

"Siku nne tu, Milka."

"Na ukifa ndani ya hizo nne?"

Akafikiri kwelikweli. Akasema mchezo wa saba, ikibidi ufike saba, ni Jumatano. Atajitahidi.

Nikasonya nikaondoka. Ningekaa ningelia, na machozi yangu siwapi besiboli.

Jumanne, 25 Oktoba

Tumeshinda, sita kwa bila. Nimepiga pasi mashati ambayo nilishayapiga pasi asubuhi. Ferdo kapanda nusu ya ngazi kunipongeza. "Shemeji, mikono yako ibarikiwe!" Nikamwambia mikono yangu inanuka wanga, atoke.

Jumatano, 26 Oktoba

Tumeshindwa. Nimehojiwa. Nilipiga pasi nini? Shuka, nikasema, mashati yamekwisha. Wakatazamana. Shuka! Lojze akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Kesho Darlene ataleta mashati ya majirani. Jamani.

Alhamisi, 27 Oktoba

Hakuna mchezo. Badala yake Ferdo kaja na historia. Kuanzia 1903, mwaka kwa mwaka, mdomo umejaa soseji na kabichi chachu. Nilisikia kimoja tu cha maana: mwaka 1904 fainali hazikuchezwa, kwa sababu wakubwa wa timu ya New York walikataa kucheza. Mpaka leo wanalaaniwa. Mimi nawaona ndio wenye akili peke yao katika hadithi yote.

Historia ninayo yangu. Hiyo hawaijui.

1948, tulichukua ubingwa. Lojze alikuwa na miaka saba. Baba yake, mtu wa kiwanda cha nyaya, alimbeba mabegani kuona gwaride Barabara ya Euclid. Hakumbuki chochote ila kofia za watu. Kwa hizo kofia nimeteseka maisha yangu yote.

1954, timu bora kuliko zote, walisema. Ikafungwa michezo minne mfululizo. Mama mkwe alikuwa akisimulia jinsi redio ilivyotoka dirishani ikatua kwenye nyanya zake. Zile nyanya ndizo alizozililia.

Kisha miaka arobaini ya takataka. Amani tupu.

1994, wachezaji waligoma. Hakuna fainali! Oktoba ile Lojze alizunguka nyumbani hajui mikono aiweke wapi, mwisho akaniambia twende tukaone majani yanavyobadilika rangi. Tukaenda, tukalala hoteli ya kando ya mto, akanishika mkono njia nzima ya kurudi. Mwaka bora wa ndoa yangu. Wao wanauita mwaka wa aibu.

1995, usiku wa harusi ya Darlene. Mchezo wa sita, Atlanta. Bwana harusi alikuwa na redio chini ya meza. Tulifungwa moja kwa bila. Ndoa nayo ikavunjika baadaye, ila hiyo hakuna aliyeisimulia kwa uchungu ule.

1997, mchezo wa saba, Florida. Vijana wetu walibakisha kuwatoa wapigaji wawili tu, ubingwa huo. Ferdo akafungua chupa ya slivovka, ile pombe kali ya plamu. Mapema! Mambo yakageuka, tukapoteza. Lojze alinyamaza siku tisa. Chakula nilikuwa namwekea kama paka. Tangu siku hiyo Ferdo hagusi chupa wakati wa mchezo. Ndiyo maana ya kigoda: anakaa kando ya friji, mikono magotini, ailinde isifunguliwe na yeyote, hasa yeye.

Basi. Historia yote hiyo, na sijaona iliyomwongezea mtu hata siku moja ya kuishi.

Ijumaa, 28 Oktoba

Chicago. Moja kwa bila, tumeshinda. Mashati ya majirani yote yamenyooka. Jirani wa kulia ana kola chafu. Sikujua.

Jumamosi, 29 Oktoba

Saba kwa mbili! Sasa tuna michezo mitatu, wao mmoja. Bado mmoja tu. Barabarani honi, masufuria, mijitu mizima inakumbatiana na vyombo vya takataka.

Lojze alicheza. Alisimama katikati ya sebule akacheza polka na Darlene, mizunguko miwili, kisha akakaa kwenye ngazi. Rangi ikamtoka. Midomo ya kijivu. Nilimfungua shati, nikahisi moyo unavyohangaika. "Nipe dakika," akasema. Ferdo akasema ni furaha hiyo. Nikamwambia Ferdo maneno ambayo sitayaandika, Jumapili imekaribia.

Jumapili, 30 Oktoba

Nilishuka. Ndiyo, nilishuka! Nikakaa sebuleni pembeni ya Lojze nimtazame anavyopumua. Mke akae na mumewe mgonjwa, kosa liko wapi?

Tumeshindwa, tatu kwa mbili.

Hakuna aliyenigombeza. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Darlene, mtoto niliyemzaa mwenyewe, akakusanya sahani akisema taratibu, "Mama, si kwamba tunakulaumu." Ferdo aliaga bila kunipa mkono. Na Lojze kitandani akanigeukia, akanishika shavu, akaniambia amenisamehe. Amenisamehe!! Nililala nikitazama ukuta.

Jumatatu, 31 Oktoba

Leo ndiyo siku aliyopangiwa na daktari. Saa hizi angekuwa ametoka chumba cha upasuaji.

Badala yake anagawa peremende mlangoni, maana ndiyo jioni ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiziomba. Watoto wamevaa kama mazimwi na mifupa, naye kavaa kofia ya timu, kila mtoto anaulizwa: Cleveland au Chicago? Mmoja akasema Chicago, akapewa zabibu kavu. Kila baada ya kundi moja anakaa. Akidhani simwoni, anabana mkono wa kushoto kwapani.

Nimempigia daktari mwenyewe. Kasema akibanwa na kifua, gari la wagonjwa, papo hapo, hakuna kusubiri. Nikamweleza Lojze. Akaitikia kwa kichwa, lile itikio lake tupu.

Jumanne, 1 Novemba

Nilikuwa juu. Mashati. Sikushuka hata kukojoa. Tisa kwa tatu, tumeshindwa. Michezo mitatu kwa mitatu sasa.

Eti nilikuwa sipigi pasi kwa moyo. Ferdo huyo. Nilimrushia koti lake.

Ila Lojze hakucheka wala kukasirika. Alibaki kitini runinga imezimwa. Akasema baba yake alisubiri kuanzia arobaini na nane mpaka kufa, na kitandani mwishoni hakuuliza habari za watoto. Aliuliza matokeo. "Nilimwona mpumbavu," akasema. "Sasa namwelewa, Milka. Nataka kuliona gwaride mara moja nikiwa na akili za kukumbuka."

Nilitaka kumwambia hata mimi kuna ninachotaka kuona. Nataka kumwona yeye mwaka ujao, akigombana na mashine ya kukata majani. Badala yake nikamwambia avue viatu.

Jumatano, 2 Novemba

Naandika juu ya meza ya pasi. Daftari linapata joto kwa chini. Niandike haraka.

Mchezo ulianza vibaya. Chicago tano, sisi moja. Nilisikia chini kimya cha makaburini. Nami nikafurahi! Nikasema moyoni, washindwe, yaishe, Ijumaa apasuliwe. Nikapiga pasi kwa moyo wangu wote ili washindwe. Kama pasi ina nguvu, ifanye kazi basi.

Raundi ya nane kati ya tisa. Wapigaji wetu wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu zamu yetu imekwisha, na Chicago wana sita, sisi tatu. Tukapata moja. Halafu mpigaji wetu akaupiga mpira ukaruka ukuta, wakaingia wawili — sita kwa sita! Nyumba ikatikisika. Mtaa mzima ukapiga ukelele mmoja. Ferdo analia, Darlene anapiga yowe. Sauti ya Lojze siisikii.

Nikashuka.

Alikuwa kitini pake, mikono yote miwili imeshika meza, jasho linamchuruzika hadi shingoni. Hao wawili wanarukaruka — kila mmoja mahali pake! — hawajamwona. Nikamwita. Akanitazama kwa hofu, na sikuwa na shaka hofu ile ni ya nini. "Milka, rudi juu."

Nikapiga simu. Sikumwomba ruhusa mtu.

Raundi ya tisa ikapita sare, na mvua ikamwagika. Mvua yetu, hii ya ziwani, uwanja uko upande wa pili wa mji, naisikia juu ya paa langu. Mchezo ukasimamishwa, turubai likatandazwa. Gari la wagonjwa likafika wakati huo huo. Vijana wawili, mwanamke na mwanamume. Neno la kwanza la yule mwanamume: "Bado mvua?" Loo! Mwanamke walau alipiga magoti, akamtia barakoa ya hewa, akamfunga nyaya kifuani. Akatazama kile kimashine chake, akaacha kuongea. Akamwambia mwenzake alete machela sasa hivi.

Gari lina nafasi ya mtu mmoja wa familia. Nikavaa koti. Nikachukua mkoba. Nilikuwa tayari mlangoni, viatu miguuni, Ferdo ananisukuma, "Nenda, shemeji, nenda."

Lojze akainua barakoa. Akasema Darlene ndiye aende.

Nikasema hapana.

"Wewe kaa juu." Pumzi hana, anazipanga moja moja. "Mashati. Tafadhali, Milka. Mara hii tu."

Miaka hamsini na mmoja ya ndoa. Mtu anabebwa kwenye mvua, na anachoniomba ni nisimfuate. Nilitaka kumpiga. Kweli, nilikunja ngumi. Nikamwambia wewe ni mjinga, baba yako mjinga, mji huu wote ni wajinga, na huo mpira wenu Mungu aulaani. Akatabasamu ndani ya barakoa. Alijua nishakubali.

Darlene akapanda. Wakafungulia redio kule mbele, niliisikia mlango ulipofungwa. Wakaondoka.

Basi niko juu. Niliwasha pasi mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Koti bado nimevaa. Mvua imekatika, wanacheza tena, raundi ya kumi. Ferdo ananipigia kelele kutoka kwenye kigoda, kila kitu, kama mtangazaji. Chicago wamepata mbili. Nane kwa sita. Nimepiga pasi shati la Lojze la buluu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kola. Narudia. Sitaki washindwe tena. Nataka washinde, mabwege wale, nataka washinde sasa hivi, awe hai asikie.

Wawili wametolewa. Akitolewa wa tatu yamekwisha.

Mmoja kapewa bure besi ya kwanza, kile kituo cha kukimbilia. Mwingine kapiga! Kaingia mtu! Nane kwa saba. Ferdo anaita majina ya watakatifu.

Simu ya jikoni inalia.

"Pokea, Ferdo!"

Hapokei. Iko hatua chache kutoka kwenye kigoda. "Siwezi kuinuka, shemeji! Mtu yuko besi ya kwanza, akiingia ni sare!"

Inalia. Ni Darlene, nani mwingine. Ngazi iko hapo mlangoni. Nikiteremka nitaifikia, ila Lojze aliniomba nikae juu.

Inaendelea kulia na mimi nimeshika pasi, nakwenda mbele, narudi nyuma, juu ya shati lile lile