Mwanafunzi wa Ishirini na Tatu

Valea Socilor, mwishoni mwa Februari

Kaka yangu mpendwa Veniamin,

Salamu kwanza, maana najua ukiona mwandiko wangu kwenye bahasha utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Mimi ni mzima, ila mguu unanisumbua barafu ikizidi, na jiko la sebuleni limeanza tena kurudisha moshi ndani. Hali yako wewe? Goti je? Na wifi yangu Aglaia ameacha kweli kahawa, au anainywa ukishaenda kazini? Nijibu yote, usinijibu kwa mstari mmoja kama ulivyozoea.

Naandika kwa kalamu kwa sababu barua pepe za shule hupita kwenye kompyuta ya mkuu wetu, Bwana Obreja, na simu siiamini kwa jambo hili. Wiki ijayo ripoti ya darasa langu la nane itafika mezani kwako, hapo ofisi ya elimu mjini. Utaona wanafunzi ishirini na watatu. Ulipokuja kutugawia vishikwambi ulihesabu ishirini na wawili, na tangu hapo hakuna mtoto aliyehamia kijiji hiki. Huku watu wanahama kwenda nje tu. Kabla hujampigia Obreja simu, soma hadi mwisho.

Unakumbuka ulivyotueleza siku ile. Kila mtoto angepata kishikwambi chenye laini yake ya mtandao, kinachofungua programu ya hisabati tu na si kitu kingine. Mtoto anaandika kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo, programu inasahihisha, mwalimu anaona kila kitu. Ulisema pia kwamba alama za programu zingejumlishwa na za mtihani wa Juni katika kugawa nafasi za bweni kwenye sekondari ya mjini. Obreja alifurahi kuliko wote. Aliniambia mbele ya wenzangu, "Mashine haina shangazi, Mwalimu Leontina. Haipendelei mtu." Mimi sikushawishika. Unajua nilivyo, ulishanitania kwamba ningemshuku hata padre akihesabu mishumaa.

Aliyenitia shaka ni Smaranda, mjukuu wa Bibi Paraschiva anayekaa karibu na kinu. Mama yake, Tinca, yuko Padova, Italia, anamtunza mwanamke mmoja mzee. Baba hajulikani alipo. Ni mtoto mkimya, na hesabu zake zilikuwa za wastani. Kuanzia Novemba alama zake zikawa zinapanda, na kufikia Krismasi alikuwa wa kwanza, akimpita hata mtoto wa daktari. Nafasi ya bweni ilikuwa kama yake. Ndipo programu ikaweka alama nyekundu kwenye jina lake. Nilipoibonyeza ikanionyesha kwamba kazi za Smaranda zilikuwa zikiandikwa kutoka mahali pawili: hapa kijijini na Padova.

Obreja naye aliiona. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniagiza nimpe maelezo kabla ripoti haijaondoka. Kama ni udanganyifu, alama zote zifutwe na kishikwambi kirudi shuleni. Alisema hataki aibu mbele ya watu wa mjini. Watu wa mjini ni wewe, kaka.

Kwanza nilimshuku Dorin, mwalimu wa kompyuta, kwa kuwa yeye ndiye aliyetunga nywila za watoto wote, na jioni anafundisha masomo ya ziada kwa malipo. Nilidhani ameuza nywila kwa mtu wa Italia anayewafanyia watoto kazi zao. Nikawa namchunguza: nani anaingia kwake, nani anatoka, kwa nini anakata simu nikipita. Mwishowe nilimuuliza waziwazi. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Leontina, mimi ningekuwa na mtu Italia ningekuwa bado navaa koti hili?" Koti lenyewe ulishaliona. Nilimwamini nusu.

Nikarudi kwenye kitu ninachokiamini, yaani ubao. Nilimwita Smaranda mbele bila kishikwambi, nikamsomea swali ambalo halimo kwenye programu. Kuna maghala matatu ya viazi; la pili lina magunia mara mbili ya la kwanza, la tatu linazidi la pili kwa magunia kumi, na yote pamoja ni mia mbili na kumi. Habari ya ile alama nyekundu ilikuwa imeshavuja, maana mmoja wa wale wa nyuma alinong'ona kwamba leo Padova mtandao umekatika, na kicheko kikapita darasani. Smaranda hakugeuka. Alichora mstari mfupi chini kabisa. Juu yake akachora miwili ya urefu uleule, na juu zaidi miwili tena na kipande cha ziada alichokitia kivuli. Akaondoa kumi, akagawanya kwa tano, akapata arobaini. Kisha akafanya uhakiki na kuuzungushia kisanduku.

Jibu lilikuwa sahihi, na mimi nikazidi kushuku. Programu inafundisha milinganyo. Kitabu kipya kinafundisha milinganyo. Mimi mwenyewe darasa hili nimelifundisha milinganyo, kwa sababu ndivyo mlivyoagiza. Kuchora mafungu kwa mistari, tena lile dogo likianzia chini wakati walimu wengine wanaliweka juu, na kuutia uhakiki kwenye kisanduku, ni namna yangu, niliyoiacha vitabu vilipobadilika. Aliyemfundisha Smaranda alikaa darasani kwangu zamani.

Watoto walipoondoka nilifungua kazi zake na kubonyeza kile kitufe ulichonionyesha, kinachorudia mwendo wa kalamu kama filamu. Sikuwahi kukitumia. Kumbe programu inatunza hata kilichofutwa.

Swali linatokea. Mkono mmoja unachora mistari haraka, kila ncha ikiwa na ndoano ndogo, kisha unafuta vyote. Mkono wa pili, wa taratibu, unachora upya. Unakosea kutoa. Mkono wa kwanza unapiga mstari chini ya kosa, haurekebishi. Unasubiri. Wa pili unarekebisha wenyewe. Kisha pembeni, kwa herufi ndogo, wa kwanza unaandika: Umekula? Wa pili: Supu ya maharagwe. Wa kwanza: Bibi bado anakohoa? Wa pili: Kidogo. Wa kwanza: Soksi nzito unavaa? Hapo wa pili ukachora uso ulionuna. Vyote vikafutwa, likaja swali jingine.

Ndoano zile nilizijua. Tinca, mama yake, alichora hivyo hivyo, na nilikuwa nikimkaripia kwamba mstari si sindano ya kushonea. Aliacha shule akiwa darasa la nane, majira ya kuchipua, baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa. Mtihani hakuufanya.

Nilikwenda kwa Bibi Paraschiva. Alinisimamisha barazani, mkono kwenye kitasa. "Umekuja kukichukua?" Nikamwambia nimekuja kuuliza tu. Aliniingiza, akaniwekea ugali na jibini, lakini akavuta kiti chake mpaka mbele ya kabati, nikajua kishikwambi kimefungiwa humo. Alieleza bila kuficha. Tinca huingia kwa simu yake wakati yule mzee wa Padova amelala baada ya chakula cha mchana, Smaranda akiwa ameshatoka shule. Nywila alipewa na mtoto. Nyumbani hamna mtandao mwingine, na simu ya bibi ni ya vitufe. Nikamuuliza kwa nini wasitumie hiyo hiyo ya vitufe.

"Jumapili anapiga," akasema. "Wanaulizana hali ya hewa kama watu waliokutana kituoni. Kwenye hicho kioo wanagombana, mwalimu. Mtu hugombana na mwanawe akiwa naye nyumbani."

Nilimwandikia Obreja kwamba Smaranda nimempima ubaoni na hesabu anazijua, kwamba mtu wa nyumbani alikuwa akimwelekeza, na kwamba alama zibaki. Alikubali kwa sharti moja: nywila zote zibadilishwe, akaunti moja mtu mmoja. Kwa kanuni zenu ana haki. Nilizibadilisha mwenyewe, Dorin akiwa kando yangu.

Kesho yake mchana nilikaa mbele ya kompyuta. Padova ilijaribu kuingia, ikakataliwa. Ikajaribu tena na tena, mpaka programu ikaifungia. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Smaranda hakufungua kishikwambi kabisa. Nilipomuuliza akajibu kwamba hisabati imemchosha, akatazama dirishani. Alama zilianza kushuka. Kwa mwendo ule bweni lingekwenda kwa mwingine kabla ya Pasaka, na Obreja angetembea kwenye korido akisema, mnaona, ilikuwa Italia.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Nimemwandikisha Tinca. Yeye ndiye wa ishirini na tatu: darasa la nane, masomo yaliyokatizwa. Kanuni zinataka akaunti moja mtu mmoja, na yeye sasa ana yake. Zinaruhusu wanafunzi wa darasa moja kufanya kazi kwenye ukurasa mmoja, kila mtu kwa rangi yake. Umri haukutajwa popote. Nimepekua, na unajua nikipekua nimepekua. Obreja hajui bado. Dorin anajua, kwa kuwa nywila mpya aliitunga yeye. Aliniuliza kwa sauti ya mzaha, "Na huyu naye tumwandikishe mtihani wa Juni?" Nikamwambia amwandikishe. Akaacha kucheka, akaandika. Nywila ilisomwa kwenye simu ya vitufe Jumapili, bibi akiirudia herufi moja moja kwa sauti.

Unaweza kumfuta. Utakuwa umefuata utaratibu, nami sitakugombeza mbele ya watu. Ila kabla hujamfuta, bonyeza kitufe chako utazame kazi yao ya Jumanne. Tinca ni kijani, Smaranda ni bluu. Tinca alipewa mlinganyo, kitu ambacho sikupata nafasi ya kumfundisha vizuri. Alipovusha namba kwenda upande wa pili alisahau kubadilisha alama. Bluu ikapiga mstari chini ya kosa. Haikurekebisha. Ikasubiri.

Mwambie Aglaia vizibo vya chupa za siki vimefika dukani, na Pasaka nitawachinjia mwanakondoo, mje msije. Funika goti kwa sufu. Barua hii usiiache ofisini.

Nakuombea afya na subira.

Dada yako,
Leontina