Gachanja, na Boti Uliyoiunda Ghalani

Mwaka mzima umepita sasa, Baba Mukami, tangu Jumamosi ile ulipoinama kwenye bomba la uani kunawa mikono, ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, usiinuke tena. Daktari alisema ni moyo. Sisi hatukuwahi kukusikia ukilalamikia moyo. Ulilalamikia magoti tu.

Hapa Kitale tuko salama. Mahindi yalifanya vizuri. Mkeo Kabura yupo, na ndiye tunayetaka kukusimulia habari zake, maana tunajua ungemuulizia yeye kwanza.

Ulikuwa fundi wa mashine za kupukuchua mahindi. Kuanzia Moi's Bridge hadi Kamukuywa, msimu wa mavuno, simu yako haikunyamaza. Mashine ikikwama uliizunguka kwanza kimya kimya, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Mwenyewe akikuharakisha ulimwambia, "Ngoja, mkubwa, iseme yenyewe." Kwako kila mtu alikuwa mkubwa, hata mtoto wa chekechea. Siku ya mazishi mama mmoja mjane kutoka Matulo alituambia kwamba spea ilipochelewa na mvua ikawa inakuja, ulikaa chini ukapukuchua naye kwa mikono mpaka mahindi yake yakaisha. Hukuwa umetuambia.

Halafu ukaingiwa na mambo ya boti. Mpaka leo hatujui yalitoka wapi. Maji mengi uliyoyajua maishani mwako ni ya mto Nzoia, tena ukiwa juu ya daraja. Lakini jioni moja uliingia nyumbani na pikapu ya Gagandeep, yule kijana wa duka la mbao mjini, ukashusha mbao za saipresi na kuzipanga ghalani. Kabura akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hizo ni za nini?"

"Za boti."

"Boti ya nini?"

"Ya kuelea, mkubwa."

"Ati boti, Kitale! Kwa maji gani, bana?"

Ukamwambia rafiki yako Kibiwott ana bwawa la kunyweshea ng'ombe kule Moi's Bridge, ni pana, na ameshakubali. Ulisema hivyo kama mtu anayesema amepata mahali pa kuegesha gari.

Alikucheka mbele ya majirani. Lakini ni yeye aliyekuchemshia maji katika sufuria kubwa ya githeri, wewe ukiyamwaga juu ya ubao uliofunikwa magunia mpaka ulainike, kisha mkaupinda pamoja, Kabura akiulalia upande mmoja kwa uzito wake wote. Wa kwanza ulipasuka. Wa pili pia. Uliofuata ulikubali, na tuliwasikia kutoka nje mkicheka humo ndani kama watu walioiba kitu. Jumapili ukitoka kanisani ulikuwa unaingia ndani ya boti hiyo, katikati ya magunia, ukasikiliza mpira kwenye redio, na ukiitwa kula unajibu kwamba uko safarini.

Ulibakisha kazi ya kuziba tu, pamba na lami kwenye maungio ya chini. Ulikuwa umefika nusu.

Mama Mukami hakulia. Tulimngoja alie mochari, tukamngoja kaburini, tukasema labda wageni wakiondoka. Wageni wakaondoka. Alirudisha viti vya kanisa, akaosha masufuria ya watu na kuyapeleka kwa wenyewe. Binti yenu Mukami akamchukua kwenda kukaa naye Bungoma, na baada ya siku chache mama yake akarudi. "Kule ni kuzuri," alisema, basi. Ukimuuliza anaendeleaje anajibu, "Niko tu." Ukimpa chai anakunywa. Ukisahau kumpa, haulizi. Yeye, ambaye alikuwa anagombana hata na redio! Mungu atusamehe, tulifika mahali tukaanza kumwogopa.

Mavuno yalipokaribia, ndugu yako Kibe alikuja kuuliza habari ya ghala.

"Mama Mukami, mahindi tutayaweka wapi? Boti imekula nusu ya nafasi."

"Sijui, Kibe."

"Mimi naona tuikate katikati, tupate hori mbili za ng'ombe. Mbao ni nzuri. Si afadhali zifanye kazi?"

"Ni sawa."

Unamjua Kibe, si mtu mbaya. Akamuuliza tena. "Ni sawa kabisa?"

"Ni sawa. Kata."

Akaja na msumeno wa umeme, akavuta waya kupitia dirishani. Akamwomba shemeji yake ashike upande mmoja ili boti isicheze. Kabura akaulalia ubao kwa kifua na mikono, kichwa kimeinama. Kibe akawasha msumeno, akausogeza. Hapo Kabura akasema neno ambalo Kibe hakulisikia kwa sababu ya kelele. Akazima.

"Umesema?"

"Nimesema iingie majini kwanza. Ikirudi utaikata."

Sauti yake ilikuwa ile ile tu, ya mtu anayekuambia chumvi imeisha. Kibe akakunja waya.

Gagandeep alipokuja kuipakia kwenye pikapu aliinama akapapasa chini ya boti, kisha akasimama.

"Mama, hapa mzee hakumaliza kuziba. Niachie leo tu, niimalizie."

"Hapana. Hiyo ni kazi yake."

"Lakini itaingiza maji."

"Nimesikia. Pakia."

Mukami alitoka Bungoma asubuhi akatukuta kwenye bwawa. Kibiwott alikuwa ameondoa ng'ombe na kukata nyasi za ukingoni, amevaa koti kana kwamba ni harusi. Wanaume wakaiteremsha, Kibe akaifunga kamba. Tulidhani Mama ataitazama tu. Akapandisha sketi, akaingia, akakaa.

Ilielea, Gachanja. Tunataka ulijue hilo. Ilikaa sawa juu ya maji, haikuinama huku wala kule. Kibe akailegezea kamba, ikaenda yenyewe polepole mpaka karibu na katikati. Kabura alikaa ameshika kingo mbili, anatazama mbele. Uso wake haukuwa na kitu. Kisha maji yakaanza kupenya.

"Mama, rudi!" Gagandeep akapiga kelele. Kibe akaanza kuvuta kamba.

"Wacha!" Kabura akainua mkono. Kibe akawacha. Maji yakafunika miguu yake, yakapanda mpaka karibu na magoti. Mukami alikuwa ameshaanza kuvua viatu amfuate. Ndipo tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia mwaka huu.

"Maji ni baridi!"

"Umesema nini, Mama?"

"Si wewe! Gachanja! Maji ni baridi, na hukumaliza! Umeniacha kwa boti ya matobo, Gachanja! Mtu anaanza kitu anakiacha nusu!"

Tulimvuta mpaka ukingoni amelowa mpaka kiunoni, na bado anasema. Hakulia hata hapo. Lakini alikugombeza njia yote mpaka Kitale, kwa ajili ya boti, kwa ajili ya dawa za presha ulizokataa kwenda kuchukua, kwa ajili ya mashati yako ambayo hajui afanyie nini. Gagandeep aliendesha polepole, hakuwasha redio.

Tusikudanganye kwamba amepona. Siku nyingi bado yuko tu. Boti iko kwa Kibiwott, imefunikwa, na mahindi yako ghalani. Kibe hajaikata, anasema msumeno wake umeharibika, na hatujamuuliza zaidi. Ila siku nyingine asubuhi tunamsikia Kabura uani akikufokea peke yake, kwa jina lako, mpaka kuku wanakimbia. Sisi tunakaa jikoni, hatutoki. Tunamwacha amalize.

Unakumbukwa na mkeo Kabura, binti yako Mukami na mumewe Matthew, wa Bungoma, mwanao Ngige, ndugu yako Kibe na jamaa yake, mjukuu wako Vivian, na marafiki zako Gagandeep na Kibiwott.

Hatutakusahau, mkubwa, siku zote tutakazojaliwa.