Dole Gumba la Gogo Nomvula

Johannesburg, Ijumaa, 27 Julai 2012

Baridi kavu. Jua limewaka tangu asubuhi bila kumpasha mtu joto, na moshi wa nyasi zinazoungua upande wa Soweto umeingia hadi ofisini. Wanaonisoma katika blogu hii wamezoea kunikuta nikikosoa Kiswahili cha watangazaji. Leo sina haki ya kumkosoa mtu yeyote.

Leo nimelia kazini. Nina miaka sitini na mitatu.

Nieleze kwa utaratibu, maana utaratibu ndio kitu pekee ninachokijua. Kampuni ninayoifanyia kazi ilikuwa ikimiliki njia za kusafirishia umeme: nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme. Tangu mwaka jana tumekuwa tukihamisha mikataba ya njia hizo kwenda kwa mwendeshaji mpya wa gridi ya kanda, atakayesimamia umeme wa nchi kadhaa kwa pamoja. Kila mkataba na mtu ambaye ardhi yake tunaitumia ulipaswa kukaguliwa, kuskaniwa na kuingizwa katika orodha. Kilichokuwamo katika orodha kilihama. Kisichokuwamo kilikufa siku ya makabidhiano, mwanzoni mwa Juni.

Aliyepewa kazi ya kuandaa orodha hiyo ni mimi. Mkuu wetu alisema mbele ya wote kwamba jengo zima halina mtu mgumu kunishinda, nami nilifurahi kusikia hivyo.

Nikaweka kanuni: kila ukurasa uwe na alama ya kampuni na ya mwenye ardhi, iwe sahihi au dole gumba. Hata kiambatisho kilichofungwa nyuma ya mkataba, kikiwa na ukurasa mmoja usio na alama, hakiendi.

Karatasi zilikuwa zikiskaniwa na Espérance, mama wa Kirundi ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Mwezi wa Machi alikuja mezani kwangu na jalada la kahawia.

"Mzee, hii barua ya nyuma iko na kidole kimoja tu, na karatasi ziko ine. Niipeleke ama niiache?"

"Iache."

"Hata kuisoma husomi?"

Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kuhesabu alama, si kusoma hadithi. Akacheka. "Eish! Wewe Mzee, siku ukifika mbinguni utamwomba Petro aweke sahihi kila ukurasa ndiyo uingie." Tulicheka wote wawili. Akaondoka na jalada.

Sikulifungua.

Leo saa nne asubuhi mapokezi walinipigia simu. Kuna bibi yuko chini, anamtafuta "Mwalimu". Katika nchi hii nzima ni mtu mmoja tu anayeniita hivyo, na nilijua ni nani kabla ya lifti kufika chini.

Gogo Nomvula. Gogo ni bibi kwa Kizulu. Miaka kumi na zaidi iliyopita kampuni ilitaka kupanua kituo cha umeme kusini mwa mji, na uzio mpya ungeyafunika makaburi mawili: la mumewe na la binti yake. Mabwana watatu walikwenda kumwomba akubali, akawarudisha wote. Nikatumwa mimi. Nilikaa jikoni kwake siku tatu, nikiwa na Kizulu changu kibovu alichokuwa akikisahihisha bila huruma, ndiyo maana akaniita Mwalimu, kwa kunikejeli. Siku ya tatu tulielewana. Niliandika kiambatisho kwa mkono wangu: kila Jumapili ya mwisho ya mwezi lango litafunguliwa, naye ataingia na ufagio wake na ndoo yake ya maji, ayafagie makaburi, aombe, atoke.

Hakujua kuandika. Nilimpaka wino kwenye dole gumba, akabonyeza ukurasa wa nne. Kisha akauliza: "Na hizi nyingine?"

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kuwahi kurudi mjini kabla barabara hazijajaa magari. Nikamwambia kimoja kinatosha.

Mimi, ambaye nimewarudishia watu wazima barua zao kwa sababu ya tarehe iliyokosekana, siku hiyo nilisema kimoja kinatosha. Kisha nikasahau kabisa kwamba nilisema.

Kwa miaka yote hiyo walinzi walimfungulia. Jumapili ya mwisho ya Juni alikuta mlinzi mpya na karatasi mpya. Mlinzi hakuwa na ubaya, anasema Gogo. Alimletea hata kiti. Lakini jina la Gogo halikuwamo. Alisimama nje ya uzio na ndoo yake mpaka maji yakapata vumbi, akayamwaga hapo hapo, akarudi nyumbani. Imemchukua mwezi mzima kuipata ofisi yetu.

Nilimpandisha juu, nikamkalisha, nikampigia simu mwendeshaji wa gridi. Aliyenijibu alikuwa mpole mno. Alisema kiambatisho hicho hakimo katika orodha. Alisema ndani ya uzio sasa hawaingii ila mafundi. Bibi anaweza kuomba upya, na kamati ya usalama itaketi, ila asingependa kumpa mtu matumaini. Kisha akauliza, bila nia mbaya, kama mimi ndiye yule ambaye sahihi yake iko chini ya orodha.

Nikasema ndimi.

Nilipomweleza Gogo, nilimweleza yote. Sikumsingizia mwendeshaji, wala kompyuta, wala Espérance. Nilitaka anitukane. Kwa Kizulu matusi yanatosha, na mengine alishanifundisha mwenyewe.

Alikitazama kidole chake.

"Mwalimu, si ulisema kimoja kinatosha?"

"Nilisema, Gogo."

"Basi leo nibonyeze zote."

Nilimwambia haitasaidia, kwamba mkataba wenyewe umekwisha kufa. Akanijibu kwamba amesikia, yeye si kiziwi, nilete wino. Espérance akalileta lile jalada la kahawia, nami nikatoa kidau cha wino kwenye droo yangu. Akabonyeza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole, akipuliza kila mmoja ukauke. Ulipofika wa nne, ile alama yake ya zamani ilikuwa pale pale. Akaweka nyingine kando yake.

Hapo ndipo nilipolia.

Espérance alikuja na kitambaa na mafuta ya mikono, akamfuta Gogo kidole hadi kikasafika.

Kaburi la mke wangu liko kwetu Wundanyi, mlimani, mbali na hapa. Shemeji yangu hulipalilia. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka karatasi ndipo alifikie.

Jumatatu nitaandika barua kwa mwendeshaji wa gridi na nakala kwa mkuu wangu: kanuni ilikuwa yangu, kosa lilikuwa langu, na bibi huyu alifanya kila alichoagizwa. Nitaweka sahihi kila ukurasa. Sitarajii lango lifunguke. Wakitaka nistaafu mapema, nitastaafu.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili, nayo ni ya mwisho ya mwezi. Gogo amesema atakwenda na ndoo yake kama kawaida. Nilimwomba ruhusa niende naye. Akasema nije na ufagio wangu, wake hamwazimi mtu.

Nimeununua jioni hii Fordsburg, nikirudi nyumbani. Umeegemea mlango. Nimekuwa nikiutazama, na sijui upande huu wa nje wa uzio mtu hufagia nini.