Vifungo Saba Vilivyozidi

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI, DZALEKA
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumanne 14 Oktoba 2025, chumba cha kushonea nyuma ya kanisa

WALIOHUDHURIA
Byamungu – Mwenyekiti
Nzabonimana – Makamu, mtunza kopo la kura
Goreth – Mjumbe
Fortunée – Katibu

MWALIKWA: Mama Vénérande, mwanachama mwanzilishi

HAYUPO: Honoré – Mjumbe (yuko mjini, Kawale, kutafuta zipu, hakutoa taarifa, kama kawaida yake)

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA
Kikao kiliitwa saa nane mchana, kikafunguliwa saa tisa na dakika ishirini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa bado anakula nsima.

KUMB. NA. 2/10/2025: KANUNI YA KUPIGA KURA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba uchaguzi wa mwenyekiti uliofanyika Julai ulifutwa kwa sababu ya wizi: wanachama 64 walitumbukiza kifungo kimoja kimoja kwenye kopo, lakini vilihesabiwa vifungo 71. Ndiyo maana tangu Agosti mpiga kura lazima aonyeshe karatasi halisi ya familia, ile ya usajili wa wakimbizi, nayo igongwe muhuri isitumike tena. Uchaguzi unarudiwa Jumamosi hii.

Katibu alieleza, kwa mara ya tatu (tazama kumbukumbu za Agosti na Septemba), kwamba kila nyumba ina karatasi moja tu. Mume akishagongewa muhuri, mke hana cha kuonyesha. Wanachama 38 hawataweza kupiga kura, na 35 kati yao ni wanawake. Mwenyekiti alijibu kwamba Katibu anapenda sana hesabu. Katibu amechoka, na ameandika hapa kwamba amechoka.

KUMB. NA. 3/10/2025: LALAMIKO LA MAMA VÉNÉRANDE
Mama Vénérande alieleza kwamba anaishi kwa binti yake, na karatasi anayo mkwe wake, anayefanya kazi mjini, Area 36, na kurudi mwisho wa mwezi. Umoja huu aliuanzisha yeye na wenzake wanne, kwa cherehani moja. Alisema: “Mi njo nilibafundisha kukata shati. Batoto yenu banavaa uniforme nilishona mi. Leo munaniuliza mi ni nani?”

Mwenyekiti alisema kanuni haimtazami mtu usoni. Goreth alisema hii inatazama vizuri sana, maana wanaofungiwa nje ndio wale wale waliotaka Mwenyekiti apumzike. Alitakiwa kufuta kauli. Hakuifuta.

KUMB. NA. 4/10/2025: KOPO
Katibu aliomba kopo liletwe ili kamati ipige kura kuhusu kanuni hiyo. Makamu hakuinuka. Alipoombwa tena alisema, macho chini, kwamba kopo hilo ni lake la kazini, na siku ya uchaguzi alisahau kulimwaga. Ndani mlikuwa na vifungo vya mashati. Vingapi? “Pengine saba.” Kwa nini alinyamaza miezi mitatu? “Nilipata haya. Kisha Mwenyekiti akasema ni wizi, nikaogopa.”

Katibu hana neno la kiofisi la kuandika hapa. Watu thelathini na wanane!

KUMB. NA. 5/10/2025: UAMUZI
Goreth alipendekeza kanuni ifutwe, na mpiga kura atambuliwe na wanachama wawili, kama zamani. Mwenyekiti alisema kanuni bado ipo, hivyo wajumbe waonyeshe karatasi kwanza. Katibu na Makamu walionyesha. Goreth alikimbia nyumbani, akarudi nayo akihema.

Mwenyekiti alipekua mifuko yake yote. Karatasi ilikuwa na mke wake, kwenye foleni ya mgao wa chakula. Alisema: “Aa, Katibu, andika tu. Bote munanijua.”

Mama Vénérande aliomba maneno hayo yaandikwe yalivyo. Yameandikwa. Wajumbe watatu walikiri kwamba wanamjua Mwenyekiti, akaruhusiwa kupiga kura.

Kopo lilimwagwa, likapinduliwa, likagongwa kitakoni. Kisha kura: vifungo vyeupe vya kufuta kanuni vitatu, cheusi cha kuibakiza kimoja. Kanuni imefutwa.

KUMB. NA. 6/10/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alimuuliza Mama Vénérande kama sasa ameridhika. Alijibu kwamba hakuja kuridhishwa, amekuja kuuliza Jumamosi mlango unafunguliwa saa ngapi. Aliambiwa saa tatu asubuhi, na kwamba ufunguo anao Mwenyekiti.

Mama Vénérande aliomba ufunguo akae nao yeye. Alipewa. Kikao kilifungwa saa kumi na moja na nusu jioni, na mlango aliufunga yeye.

Byamungu, Mwenyekiti (ametia sahihi baada ya kuombwa mara mbili)
Fortunée, Katibu